Majeruhi Asiye na Ndugu

Kwa miaka minane mfululizo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, Shangazi aliumia vibaya sana. Miaka sita alivunjika, akaungua, akagongwa na gari. Miaka miwili alikufa kabisa, na hiyo miwili ndiyo aliyoipenda zaidi, maana maiti haisumbuliwi na mtu na mgongo unapata kupumzika.

Alikuwa mhudumu wa usafi katika hospitali ile tangu enzi ambazo lifti yake ilikuwa bado inafika ghorofa ya tatu. Jina lake lilibaki kwenye makaratasi ya ofisini tu. Kuanzia mganga mkuu hadi wapishi, wote walimwita Shangazi, na tabia za shangazi alikuwa nazo kweli: akiona umekosea kifungo cha shati, anakufungua mbele za watu, anakifunga upya, huku akikuuliza kama mama yako hajambo.

Hospitali ilikuwa na mpango wake wa maafa, faili la bluu la kurasa arobaini, lililoeleza nani atafanya nini siku basi litakapopinduka au jengo litakapoanguka na majeruhi thelathini wakaletwa kwa mpigo. Mganga mkuu ndiye kamanda wa tukio. Matroni anagawa wauguzi, bwana stoo anatoa vifaa, mlinzi mkuu anashika mageti. Kila mmoja alikuwa na kizibao chenye kazi yake mgongoni kwa herufi kubwa, ili hata mgeni ajue amwulize nani. Mpango huo ulifanyiwa zoezi kila mwaka, na zoezi halifanyiki bila majeruhi wa mfano. Wauguzi hawawezi kulala chini, wana kazi. Wahudumu wa usafi, ilionekana, wanaweza.

Basi Shangazi alilala. Walimpaka sosi ya nyanya, wakamvisha kadi shingoni: nyekundu kwa aliye kufa kupona, njano kwa anayeweza kusubiri, kijani kwa anayetembea, na nyeusi kwa ambaye basi tena. Na mtu akilala sakafuni saa mbili anaona mengi ambayo waliosimama hawayaoni. Ni yeye aliyegundua kwamba machela ya tatu ina gurudumu linalokwama. Ni yeye aliyeona mtungi wa oksijeni unaletwa haraka kwa mbwembwe, kisha watu watatu wanautazama kwa sababu spana ya kuufungulia iko stoo na ufunguo wa stoo uko likizo. Kila baada ya zoezi alikwenda kwa Matroni, bado ana sosi masikioni, akamweleza. Gurudumu likabadilishwa, spana ikafungwa mtungini kwa mnyororo. Jambo moja tu lilikuwa halijabadilika, na hilo ndilo lililomfanya ajitolee kuumia mwaka wa kwanza.

Miaka tisa nyuma, saa sita mchana, alikuwa akipiga deki ghorofa ya pili pale jirani yake alipompigia simu. "Mumeo kaanguka kazini, jukwaa limevunjika. Wamempeleka huko huko kwako." Mume wake ni seremala wa mapaa. Shangazi aliacha ndoo katikati ya korido akashuka ngazi mbio. Siku ile walikuwa wameanguka mafundi tisa kwa pamoja, na idara ya dharura ilikuwa patashika. Mapokezi walimwambia subiri hapo, mama. Akasubiri. Kwa wauguzi akaambiwa aulize mapokezi. Chumba cha picha wakamwambia hapa haruhusiwi mtu. Alikuwa amevaa sare ya hospitali hiyo hiyo, anajua kila mlango na kila kitasa chake kinavyolalamika, na hakuna aliyeweza kumwambia kama ni mke au mjane.

Alizunguka mpaka saa tisa na nusu. Kilichomwokoa ni penseli. Ilikuwa sakafuni, chini ya machela moja iliyosukumwa ukutani: penseli bapa ya seremala, nyekundu, imetafunwa nchani. Machela hiyo alishaipita mara nne. Aliyelala juu yake alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani, na Shangazi hakuthubutu kufunua. Sasa akafunua. Mumewe alikuwa macho, paja limevunjika, amejifunika kwa sababu taa ilimuumiza macho. Akamwangalia mkewe akasema, "Ulikuwa wapi muda wote huu?"

Mguu ulipona, ukabaki mfupi kidogo, na hadi leo seremala anautania kwamba ni mguu uliopigwa randa. Lakini zile saa tatu na nusu Shangazi hakuzisamehe. Hakumkasirikia mtu, maana siku ile wote walikuwa wanakimbia. Aliukasirikia mpango. Katika kurasa arobaini hapakuwa na hata mstari mmoja wa ndugu.

Mwaka huo wa tisa, wiki moja kabla ya zoezi, walikaa kikao katika ukumbi mdogo. Majeruhi wa mfano huitwa mwishoni tu kupewa kadi zao, lakini Shangazi alifika mapema akakaa mbele. Mganga mkuu, mtu mfupi, msafi, mwenye kupenda mishale kwenye karatasi, alikuwa amechora ubao mzima: nani anaripoti kwa nani. Alipouliza kama kuna swali, Shangazi akanyoosha mkono.

"Ndugu zao wako wapi hapo?"

"Ndugu wa nani, Shangazi?"

"Wa majeruhi."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mganga mkuu naye akatabasamu. "Hili ni zoezi. Majeruhi wa zoezi hawana ndugu."

"Na siku ya kweli?"

"Watazuiwa getini," akasema mlinzi mkuu.

"Utawazuia na nini, baba?"

"Na geti."

Ukumbi ukacheka tena, safari hii mlinzi akichekwa. Mganga mkuu akasema hoja ni nzuri na itaangaliwa baada ya ukaguzi. Shangazi akaona kwamba alikuwa ameshafunika kalamu yake kabla ya kusema hivyo.

Matroni alimfuata koridoni. Walikuwa wamezeeka pamoja hapo, na walisemeshana kama dada. "Nisikilize, shoga yangu. Mwaka huu anakuja mkaguzi kutoka juu, mtu asiyecheka. Tukianguka, majeruhi wote watakuwa wanapelekwa hospitali nyingine, mwendo wa saa nzima. Na mkataba wako unaisha mwezi huu huu. Lala kama unavyolala kila mwaka, tafadhali."

"Nitalala," akasema Shangazi, na hakuwa anadanganya.

Nyumbani aliwaeleza wakiwa wote sebuleni. Seremala alikuwa anasugua mguu wa kiti kwa msasa. Wifi yake, fundi wa nguo, alikuwa anatoa sindano mdomoni ili apate kusema. Pembeni alikaa mama mkwe, bibi mkavu mwenye fimbo, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa hajamwita Shangazi kwa jina lolote isipokuwa "mke wa mwanangu", kana kwamba anamsoma kwenye cheti.

"Yaani nyinyi mnaumia hivi hivi tu, kama mmeota shambani?" akauliza wifi.

"Hawana ndugu," seremala akarudia, akaacha kusugua. "Si tuwapelekee."

Alisema kwa mzaha, lakini Shangazi hakucheka. Alimtazama mumewe, akautazama mguu wake, akamtazama wifi, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alijua fika kwamba kibarua kinaweza kuota nyasi. Akajua pia kwamba akinyamaza mwaka huu, atanyamaza mpaka astaafu, na kuna mwanamke mahali fulani, hamjui, atakayezunguka korido zile kama alivyozunguka yeye. Usiku huo na siku zilizofuata walihesabiana: mume, mama mkwe, mawifi wawili, mjomba wa mume, mashemeji watatu na wake wa wawili wao, na jirani yule wa simu. Jumla kumi na mmoja.

"Masharti ni mawili," aliwaambia. "Msivunje kitu wala msimtukane mtu. Ulizeni tu niko wapi, kama nilivyouliza mimi siku ile. Na mtu yeyote akiwajibu jibu la maana, kaeni chini mnyamaze. Mmesikia? Ukijibiwa, kaa."

Jumamosi, saa tatu asubuhi, king'ora kililia. Lazima isemwe kwa haki kwamba mwanzo ulipendeza. Magari yaliingia kwa mpangilio, kadi zikavishwa, machela ya tatu ikateleza kama mpya. Mganga mkuu alikaa chumba cha kamanda na redio yake, akitoa amri fupi fupi kwa sauti ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni. Mkaguzi, mama mrefu mwenye miwani ya mnyororo, alitembea taratibu akitazama saa na kuandika. Shangazi alilazwa nyuma ya pazia la sita. Kadi yake nyekundu ilisema: mwanamke, miaka hamsini, paja limevunjika, hajitambui.

Saa tatu na dakika ishirini ndugu wakafika getini.

Mlinzi mkuu alikuwa na amri ya kuzuia ndugu. Amri haikueleza umzuie vipi bibi wa miaka themanini anayekwambia, "Mwanangu yuko ndani, baba," kisha akainama akapita chini ya mkono wako. Wakati mlinzi anageuka kumtazama, kumi wengine walikuwa wamepita upande wa pili.

Wifi alifika mapokezi. "Namtafuta wifi yangu."

Karani akapitisha kidole kwenye orodha. "Hapa nina namba tu, dada. Wifi yako ni namba ngapi?"

"Wifi yangu si namba. Ana kovu kwenye kiwiko na meno yake yote."

"Subiri hapo."

"Nasubiri nini?"

Karani hakujua anasubiri nini. Akampigia redio kamanda. Kamanda alikuwa hawezi kujibu, kwa sababu mjomba alikuwa ameingia chumbani kwake, amevua kofia kwa heshima, na anamwuliza habari za mke wa mpwa wake tangu mwanzo, yaani tangu harusi. Mashemeji walipita kwenye mapazia, wakifunua moja baada ya jingine: "Siye. Siye. Oh, samahani mzee. Siye." Jirani alimkamata bwana stoo akamng'ang'ania. Machela nne zikakwama koridoni kwa sababu wifi wa pili alitaka kutazama uso wa kila anayepita. Kila waliyemwuliza aliwaambia wakamwulize mwingine, na huyo mwingine akawarudisha walikotoka. Hakuna hata mmoja aliyekaa.

Nyuma ya pazia la sita Shangazi alifumba macho akajikaza kisabuni. Asiyejitambua hacheki. Mbavu zilimuuma kwa kicheko, na chini ya kicheko kulikuwa na hofu ya mkataba. Kisha akasikia fimbo. Ilikuja ikigonga sakafu, ikasimama, ikagonga tena, na juu yake sauti ya mama mkwe, nyembamba, imepasuka katikati.

"Namtaka mwanangu. Nionyesheni mwanangu."

Pazia likafunguliwa. Bibi aliona sosi, aliona kadi nyekundu, na ingawa yeye mwenyewe asubuhi ile nyumbani ndiye aliyempa chupa ya sosi aende nayo, alisahau kwamba ni zoezi. Akapiga magoti. Mkono wake mkavu ukamshika Shangazi shavu. "Amka, mwanangu," alinong'ona. "Usinifanyie hivi. Mimi nitabaki na nani?"

Miaka ishirini na miwili. Machozi yalimtoka Shangazi pembeni mwa macho yaliyofumbwa, yakateremka hadi masikioni, na muuguzi aliyekuwa karibu, kwa uaminifu wake wa kazi, akaandika kwenye kadi: mgonjwa hajitambui lakini analia.

Filimbi ikapigwa. Zoezi likasimama. Mganga mkuu alikuja na kizibao chake kimepinda, uso umemwiva. "Hawa ni nani?"

Shangazi akaketi juu ya machela. "Ni ndugu zangu, daktari."

Matroni alifunika uso kwa mkono. "Shangazi," akasema mganga mkuu polepole, "umeharibu kazi ya mwaka mzima. Mbele ya mgeni."

"Inawezekana, daktari. Lakini hawa ni kumi na mmoja, na majeruhi wao ni mmoja. Leo umepanga majeruhi thelathini. Zidisha mwenyewe, wewe ndiye msomi." Akawaonyesha ndugu zake kwa kidole. "Na niliwaambia, mtu akiwajibu, wakae chini. Nani amekaa?"

Watu wakageuka kutazama. Aliyekaa alikuwa mmoja tu, mjomba, naye alikuwa kwenye kiti cha kamanda kwa sababu ya magoti yanayomuuma.

"Mume wangu alilala kwenye korido hii saa tatu na nusu," Shangazi akasema. "Nilimpita mara nne. Nimefagia hapa miaka yote hii, na kila nikifika pale ukutani nasimama kidogo. Nifukuzeni kama mnanifukuza, ila andikeni hilo kwanza."

Nyuma ya watu seremala alinyoosha mkono juu kuonyesha kwamba ndiye huyo, na penseli ilikuwa sikioni kama kawaida.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Alipomaliza, alimgeukia bibi aliyekuwa bado amepiga magoti. "Mama, na wewe ulikuwa unaigiza?"

"Mimi sijui kuigiza," akajibu mama mkwe kwa hasira, akijifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Nani katika mpango wenu anashughulika na ndugu?" mkaguzi akamwuliza mganga mkuu.

Mganga mkuu alifungua faili la bluu. Alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akarudi nyuma, na kwa sababu alikuwa mtu mkweli, pamoja na mishale yake yote, akalifunga. "Hayupo," akasema. "Niliambiwa wiki iliyopita, sikuandika."

"Basi rudieni. Kuanzia king'ora," akasema mkaguzi. "Na ndugu wabaki."

Kizibao cha kazi hiyo hakikuwepo. Matroni, ambaye sasa alikuwa ameondoa mkono usoni na chini yake kulikuwa na tabasamu, akachana boksi la glavu. Seremala akaandika juu yake kwa penseli, akikoleza mara tatu tatu ili isomeke: NDUGU. Wifi akatoa pini mdomoni akambandika Shangazi mgongoni. Nafasi ya majeruhi ikabaki wazi, na kamanda akamteua mlinzi mkuu, ambaye alipakwa sosi bila huruma.

"Sasa mimi namlilia nani?" mama mkwe akataka kujua.

"Mlilie mlinzi, mama."

"Huyo hapana."

Shangazi aliwachukua wote akawapeleka chumba cha mazoezi ya viungo, chenye viti na mlango unaofungika. Hakuuliza majina tu, maana majeruhi asiyejitambua hawezi kukutajia jina lake. Aliuliza alivaa nini, ana kovu gani, mfukoni alikuwa na nini, akaandika. Kila baada ya robo saa alirudi, hata akiwa mikono mitupu. "Sina jipya, lakini sijawasahau. Nitarudi." Koridoni machela zilipita bila kugusana. Mlinzi mkuu alipatikana kwa dakika tisa, kutokana na soksi zisizofanana.

Walifaulu, si kwa alama za kujivunia sana, lakini walifaulu. Mkataba ulikuja bila maneno, umeambatanishwa na ukurasa mpya wa mpango, wa arobaini na moja, unaohusu ndugu. Mama mkwe alirudia ukali wake siku ya pili yake, ila neno "mwanangu" hakulirudisha. Na ukutani, karibu na vizibao vingine, kikatundikwa kimoja cha rangi ya chungwa, kipya, ambacho Shangazi alikifua mara mbili ingawa kilikuwa hakijavaliwa.

Kilivaliwa mwezi wa kumi. Paa la kibaraza cha soko liliporomoka saa nne asubuhi, na majeruhi kumi na sita wakaletwa kwa mpigo. Hapakuwa na sosi siku hiyo. Shangazi alisimama mlangoni na daftari lake. Mwanamke mmoja alikuja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kiko wapi, akamshika mikono yote miwili.

"Mume wangu. Mume wangu alikuwa pale sokoni. Kila mtu ananiambia nisubiri."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Ana tepu ya kupimia, haivui shingoni hata akilala."

"Rangi?"

"Njano. Imekatika mwishoni."

Shangazi alimpeleka kwenye chumba cha ndugu, akaingia ndani. Alipita machela ya kwanza na ya pili. Kwenye ya tatu alikuwepo mtu aliyejifunika shuka hadi kichwani, na safari hii hakupita. Akafunua kwa upole, akaiona tepu ya njano shingoni. Akasema naye maneno mawili matatu, akarudi chumbani kwa hatua za haraka, na saa ya ukutani ilionyesha kwamba zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

"Yupo," akasema. "Ni mzima. Mkono umevunjika, watamfunga plasta. Anauliza ulikuwa wapi."

Yule mwanamke akamtazama, kisha akavuta kiti kilichokuwa karibu naye, akakaa.